Samadi Niliyoinyima Kahawa

Mama mkwe, shikamoo.

Tangu tukuzike, wifi zangu wananiuliza mbona sikulia. Nakuandikia wewe, kuhusu ile samadi, maana hatukuwahi kuizungumza tukaimaliza.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupita vijijini, kisha bei ya kahawa ikaporomoka. Hata hivyo samadi yote ya bandani uliipeleka kwenye mibuni. Majani ya ng'ombe tuliyopanda kwenye kingo za kihamba, shamba letu la nyumbani, hayakupata kitu. Yakadumaa, ncha zikawa za zambarau. Malaika, ng'ombe wetu pekee, akawa anatafuna mifupa na kanga zilizoanikwa, na mwaka wa pili ukapita hajashika mimba.

"Auzwe kwa mchinjaji," ukasema.

Bwana mifugo alipokuja aliyatazama majani kwanza. "Anatafuta fosforasi, mama. Majani yenu hayana." Akatueleza kwamba mbolea ya punje inafanya kazi haraka, lakini tangu ruzuku iondolewe hainunuliki. Ile ya mawe ya fosfati yaliyosagwa ni nafuu. Huenda polepole, ila udongo wetu una tindikali, utaiyeyusha, na ikichanganywa na samadi ni bora zaidi.

"Samadi ni ya kahawa," ulimjibu. "Kahawa ndiyo iliyomsomesha mwanangu."

Nilishuka Moshi mjini nikarudi na mfuko mmoja wa ile ya kusaga, nikauficha stoo. Jumapili ulipokwenda ibadani, nilichanganya, nikafukia kwenye mashina ya majani, mstari kwa mstari, mpaka lundo la samadi likaisha. Uliporudi ulisimama pale palipokuwa na lundo, bado umeshika kitabu chako cha nyimbo.

"Umeiibia kahawa," ulisema. Basi. Ukaingia ndani.

Kwa wiki nyingi ulikula mtori niliokupikia, salamu zangu ukaziitikia bila kunitazama. Mvua za masika zikapita. Majani yakatanuka, yakawa ya kijani kizito. Malaika aliacha mifupa, na mwaka uliofuata akazaa jike.

Siku ya tatu baada ya kuzaa nilikukuta kule chini na jembe. Ulikuwa umeshang'oa mbuni mmoja, ule wa mwisho kwenye safu aliyoipanda marehemu baba mkwe.

"Safu hii yote," ulisema. "Panda majani."

Nilichukua jembe, nikaendelea. Hukuondoka. Ulikaa chini ukaikung'uta mizizi udongo, mmoja mmoja, mpaka jua likawa kali.

Leo safu ile inalisha ng'ombe watatu. Mbolea siijutii, Mama, na ungenifufukia leo ningekwambia hivyo hivyo. Ninachojutia ni kwamba nilisubiri uende kanisani.

Pumzika.

Mkamwana wako,
Mama Aneth