Majani ya Nguvu

Baraka, pembeni ya ziwa, siku ya ine

Samaki tatu zimekufa, na Muzungu mwenye ananipa kazi anarudi kesho kutoka Fizi.

Kisha ataenda likizo Ulaya. Alisema niweke majani ya nguvu ndani ya sanduku yake ya vioo yenye anafugia samaki, ile kubwa kama mutumbwi, ikae bila mutu kuitunza. Mi mwenye kujua ziwa kushinda samaki wenyewe, nikakata matete. Iko nguvu kweli, hata panga ililia. Sasa imeoza, maji inanuka.

Papa Amisi, mupishi, alicheka. "We mutu wa masomo, Muzungu alitaka majani yenye haikufe. We umejengea samaki nyumba ya matete."

Nikakimbia pwani. Bavuvi banatukana kila siku ile majani laini yenye kushika nyavu: hata ikilala siku mbili kwa muchanga, ikirudi mu maji inaamuka. Nikajaza kitunga, nikabadilisha maji yote.

Mangaribi majani ilikuwa imesimama muzuri. Lakini samaki mukubwa, ule Muzungu anapenda, angali anavuta pumzi juu ya maji. Fimbo ya Muzungu naijua.

Mi mwenye kuchekaka kila mutu, nimeinama pale kwa kioo nikamuambia ule samaki polepole: "Bwana, tafazali."