Kurasa Nilizoziruka Jumuiyani

Dada Neema mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote ila Bibi: nimeidanganya jumuiya nzima ya sala, hapa Uru sebuleni kwa Bibi, ukungu umefunika migomba na mtori unachemka jikoni.

Bibi aliona picha ya mtawa kwenye jalada la riwaya yangu ya Kifaransa, toleo la Kiingereza, akataka niwasomee wanajumuiya. Nilitafsiri papo hapo: mtawa wa karne za kale anatoka jangwani kwenda kumwokoa mwanamke mrembo na dhambi. Kurasa za tamaa, ambazo peke yangu nimezirudia mara nne, niliziruka.

"Huyo mtawa anamwombea au anamtaka?" akauliza jirani, Mama Anita. Wote wakacheka.

"Anamwombea tu, mama."

"Mnamwona mjukuu wangu?" Bibi akasema. "Padri kabisa huyu!" Uso uliniwaka kwa aibu.

Leo asubuhi nilimfuata anakokata majani ya ng'ombe. "Shikamoo Bibi. Yule mtawa alimtaka. Niliwaficha, kwa sababu kurasa hizo hata mimi zinanipendeza."

Akaweka mundu chini. "Basi nisomee zote."

Nilikwenda kuchukua kitabu, nikamsomea nikiwa nimeinamisha kichwa, bila kuruka neno.

Nakukumbatia sana,
mdogo wako Elia