Uta Uliomchongea Mwingine

Lali,

Salamu zikufikie hapo ulipolala, na Mola akupanulie kaburi lako na kulitia nuru. Ni mimi, Shee, mwenzako wa karakana. Nimeanza kwa dua kwa sababu ndivyo inavyostahiki, lakini nisikudanganye, nimekasirika. Uta wako umefika Mkokoni. Nimeumaliza mimi, nimeusafirisha mimi, na nimemkabidhi Barisa mkononi kama ulivyousia. Sasa tulia unisikilize, maana ulipokuwa hai kila nikianzisha habari ya Barisa ulikuwa unakumbuka kwamba gundi inakauka.

Nina wivu, Lali. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, na namwonea wivu rafiki wa marehemu. Nimejaribu kuupa majina mengine. Nimeuita uchungu wa msiba, nimeuita uchovu, mke wangu akauita presha akanikataza chumvi. Ni wivu tu.

Kwanza habari za hapa. Upande wako wa karakana haujakaliwa na mtu. Alikuja fundi wa simu akitaka kuupanga, nikamwambia umejaa. Haukuwa umejaa. Alipoondoka nikarundika mbao za mbambakofi pale ulipokuwa ukikaa, ili akipita tena aone nimesema kweli. Tezo zako nimezipaka mafuta. Milango miwili ya ile hoteli ya Shela, tuliyoianza pamoja, nimeimaliza peke yangu. Mwenyewe alipoanza kuisifu kwa maneno yake makubwa makubwa nikageuka nikukonyeze, nikakuta mbao.

Bi Fatma wako hajambo. Bado yuko edani. Aliniita arubaini ilipopita, akanisemesha kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake imekuwa ndogo siku hizi. "Ndoo utwae uta, Shee. Umalize, kisha umpeekee Barisa. Ndiyo kauli yake ya mwisho kuhusu kazi." Halafu mkono ukatoka chini ya pazia ukausukuma ule uta hadi miguuni pangu, umefungwa kwa kikoi chako cha kijani. Nikasema inshallah, nikauchukua, nikatoka. Njiani watu wakanipa pole ya msiba, na mimi nilichokuwa nikiwaza ni kwamba kauli yako ya mwisho kuhusu kazi ilikuwa na jina la mtu, na jina lenyewe si langu.

Tumekula vumbi moja tangu ndevu hazijatuota. Nimekutolea vibanzi machoni, umenishonea kidole kwa uzi wa kiatu. Ulipooa, kitanda chako nilikichonga mimi, miguu yake yote, nikakitilia nakshi ya maua mpaka mama yako akasema huyu Shee anaoa nani. Kitanda hicho ndicho ulichofia. Na wewe kwangu? Hata kibao cha mbuzi cha kukunia nazi hukunichongea, Lali. Tulikuwa tukichongea watu wa nje, ukasema fundi kumchongea fundi ni kama kumlisha mpishi. Nikaridhika na jibu hilo miaka mingi sana.

Ndipo akatokea Barisa. Tulikuwa tumekwenda Mkokoni mimi na wewe kutafuta mbao, homa ikakushika, na mimi nikarudi Amu kwa sababu kulikuwa na kitanda cha harusi cha kumaliza. Nilikuacha kwa Mboni mmoja, mtu wa kabila la wawindaji wa msituni, mzee kidogo kuliko sisi, nyumba ya udongo, mwenye nyumba simjui hata kwa sura, kwani tulipofika alikuwa malaloni huko msituni akirina asali. Uliporudi ulikuwa umepona na umepata rafiki. Tangu hapo kila Idi ikipita unafunga mzigo. "Mimi nenda bara. Nikiya nimekuya." Hukuwahi kusema, twende. Ulikuwa ukiniletea asali kutoka kwake, ukidhani itaniziba mdomo. Nilikuwa naila nimenuna. Ilikuwa asali nzuri, na hilo lilizidi kuniudhi.

Habari zake ulinipa kwa vipande. Kwamba watu wake walihama vijiji vya msituni wakati wa vurugu, nyuta za baba yake zikabaki darini zikaliwa na mchwa. Kwamba kuwinda kumekatazwa na wala hataki kuwinda, anachotamani ni kushika uta tu, mkono wake umezoea. Kwamba macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kuchonga mwenyewe, basi akawa anakufundisha wewe kwa mdomo na kwa kupapasa. Nilicheka siku hiyo. Uta kwa mtu asiyeona! Hukucheka. Mwaka huo ukarudi na fito la mti wa mkole, ukalitundika juu ya jiko la Bi Fatma likauke polepole, na kila nikija kunywa chai kwako naliona limeninyooshea kidole.

Ulianza kulichonga ukiwa tayari unaumwa. Ulikaa barazani na kisu, mgongo kwenye mto, ukikwangua. Mimi natoka kazini nimechoka nakuomba unipe nikusaidie, hata kukushikia tu. Ukanitazama kama mtu anayemkataza mtoto moto. "Hunu si mlango, Shee." Maneno hayo tu. Nilikwenda nyumbani nikakataa chakula cha jioni.

Basi nikaufungua ule uta karakanani, na hapa nitasema ukweli kwa kuwa nazungumza na fundi. Kazi ilikuwa safi. Upande wa juu ulikuwa umeumaliza, unainama vizuri, hauna pingili wala woga. Upande wa chini ulikuwa bado mgumu, umeuacha njiani. Kilichobaki kilikuwa kuukwangua ule wa chini mpaka uiname sawa na wa juu, basi. Lakini juu ya upande ule wa chini zilikuwapo alama za kisu chako. Nazijua. Tangu lile jeraha la kidole gumba kisu chako kinalalia kushoto, kinakata kifupi kifupi. Nilikaa nazo asubuhi nzima. Ili niumalize uta ilibidi niziondoe alama zako kwa mkono wangu, moja moja, kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Ningeweza kuubakisha. Ningemwambia Bi Fatma umevunjika, nani angejua? Niliufunga tena kwenye kikoi, nikaufungua, nikaufunga.

Nilipoanza, nilianza kwa hasira. Nilikwangua, nikauinamisha kidogo, nikatazama, nikakwangua. Sikuuvuta hadi mwisho, kwa sababu uliwahi kuniambia kwamba kwao mvuto kamili wa kwanza ni haki ya mwenyewe, na mimi nina wivu lakini si mwizi. Takataka zilizoanguka nilizikusanya kwenye karatasi. Kisha nikaona haya, nikazimwaga.

Halafu nikafanya upuzi. Pale katikati pa kushikia, mbao ni nene na haiinami, nikachukua patasi nyembamba nikachonga ua. Ua letu, lile la petali nane la milango. Nilitaka kila akiushika uta wa Lali, kiganja chake kinikute na mimi. Usinikasirikie. Mgongoni sikugusa, najua ukiukata mgongo uta unavunjika. Hapo katikati tu.

Nikapanda boti. Watu wakaniuliza kile kirefu kwenye kikoi ni nini, nikawaambia ni fimbo ya pazia. Gatini askari akakifungua, akaniuliza mzee unakwenda vitani na nani. Nikamwambia hata mimi najiuliza.

Barisa nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mdogo, mkavu, kofia imempwaya. Huyo ndiye? Nilikuwa nimemjenga akilini mtu mkubwa. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia, lakini kwa kuchelewa, ulipokuwa umeshazikwa. Nilipompa salamu na kumwambia nimeleta uta, hakunyoosha mkono mara moja. Alifuta viganja kwenye msuli aliojifunga kiunoni kwanza. Kisha akaupokea, akaupitisha vidole kuanzia juu, polepole, huku midomo inamcheza.

"Huku ni Lali," akasema. Vidole vikapita katikati vikashuka. "Huku ni mtu mwingine. Ana mkono mzuri, lakini alikuwa na hasira."

Vidole vikarudi katikati, vikasimama juu ya ua langu. Nikamsogelea. "Hapa pamechubuka," akasema. "Si kitu." Akamwita binti yake, akaletewa kipande cha ngozi ya mbuzi kilicholowekwa, akalizungushia ua langu ngozi, akaikaza, akaifunga. Lali, nilitaka kulia. Ni kama niliwasikia mnanicheka wote wawili, wewe na yeye.

Akatia upote, ile kamba ya kano aliyoisokota mwenyewe, akasimama, akavuta. Bila mshale, akielekeza upande usio na mtu. Uta uliinama pande zote mbili sawasawa, haukulia. Aliushikilia pale mpaka mkono ukachoka, akaurudisha taratibu. Ndipo akanigeukia na yale macho yake ya ukungu akaniuliza, "Na wewe, Bwana, ni nani kwa Lali?"

Hukunitaja! Idi zote hizo, asali yote hiyo, hukumwambia mtu huyu kwamba yuko Shee. Nikamwambia mimi ni mwenzake wa kazi. Akasema, "Aa, alisema kazini kuna watu." Watu! Nilisimama niondoke, ila boti ilikuwa imeshakwenda, ya kurudi ni kesho.

Basi tukakaa. Binti yake akatuletea chai na mihogo. Akaanza kunisimulia Lali wake, na mimi sikumtambua. Eti ulikuwa ukiimba. Eti ulikuwa unawafanya wanawake wa jirani wacheke mpaka wanashika ukuta. Nikamwambia Lali haimbi, Lali hata adhana anaiitikia kwa kunong'ona. Akasema anaimba, na akaniimbia alivyokuwa akiimba, na makosa yake. Nikamwambia Lali ni mtu wa kukaa kimya mchana kutwa, na ukimya wake unaujua ni wa aina gani kwa namna anavyoshika tezo. Akasema hapana. Tulibishana kama watu wawili waliozika maiti tofauti. Niliumia, kwa sababu yule aliyeimba sikupewa mimi, na nilikuwa ubavuni pako kila siku ya Mungu.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alimwosha?"

Nikamwambia, mimi. Mimi nilikuwa namimina maji, shemeji yako akiosha.

Akauweka uta chini, mara ya kwanza tangu aupokee. Nikauona usoni pake wivu ule ule nilioubeba mimi miaka yote, naujua vizuri, na nilifurahi. Nisikufiche, nilifurahi sana. Nilikuwa na kitu anachokitaka. "Niambie," akasema. Nikampa kidogo, nikanyamaza. "Niambie," akasema tena, akakishika kitambaa cha mkono wa kanzu yangu, na hapo furaha ikaniisha. Alikuwa mzee asiyeona, aliyempoteza mtu wake mbali, na hakupata hata kutupa udongo. Nikamweleza. Maji yalivyokuwa ya uvuguvugu, uso wako ulivyotulia, sanda, jeneza lilivyopita kwa shida kwenye kichochoro chetu, watu walivyojaa mpaka nje ya msikiti. Akalia bila kujifuta. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa sijalia tangu siku ile, nililia pale, kwa Barisa huyo huyo.

Lakini moja sikumpa. Ile asubuhi ya mwisho, Bi Fatma amekwenda kuchemsha uji, nilisimama niende zangu karakanani. Ukaushika mkono wangu, na hukuwa na nguvu ya kushika kitu. Ukasema, "Shee, kaa." Nikakaa. Hukusema tena kitu mpaka mwisho. Barisa aliuliza maneno yako ya mwisho yalikuwa yapi, nikamwambia ni shahada, na shahada uliileta kweli, moyoni mwako, nina hakika. Hilo lingine ni langu. Yeye ana nyimbo na ana uta.

Ameniomba aje Amu kukuzuru, nami nimemwahidi yeye na sasa nakuahidi wewe. Baada ya Ramadhani nitamfuata kwa boti, nimshike mkono kwenye vichochoro asijigonge kwa punda, nimfikishe kaburini pako. Nitampisha asome Fatiha yake na akuimbie akitaka. Nitasogea pembeni nisisikilize, na hilo usidhani litakuwa jepesi. Akimaliza atakwenda kwa shemeji yako akapumzike anywe chai.

Mimi nitakaa.

Lala salama, Lali.

Mwenzako,
Shee