Ndoo Iliyokwenda na Mvuke

Jumatatu, 9 Desemba 2024

Nimeitwa mwizi leo. Mimi! Tena jikoni kwa mama mkwe, mbele ya watu, mikono bado ina masizi.

Kisa pombe. Jumamosi binti wa wifi Magreth anatoka unyagoni, na pombe ya mtama ya kuwapokea wajomba nimepewa mimi niipike. Chungu cha mama kimepasuka, basi wifi akaleta sufuria kubwa, pana. Tukatia maji na unga, ndoo tatu. Nimechochea kuni tangu asubuhi, macho yamevimba kwa moshi. Uji ulipoiva tukaupima tunautia kwenye madumu — ndoo mbili!

Wifi ndiye aliyesema. Chungu cha mama hakipunguzi hata nusu ndoo, sasa hii nyingine imekwenda wapi? Akatazama njia ya kwangu. Yaani nimechota nikauze! Uji ambao haujatiwa hata kimea cha kuuchachusha! Nani atanunua?

Mume wangu Andrea ananiambia nimeze tu, ni dada yake. Nimeze nini?

Jumanne, 10 Desemba 2024

Nimewaza sana. Chungu kina shingo nyembamba, mvuke unagonga pale unarudi ndani. Sufuria lile mdomo wazi kama ungo! Si mvuke umeondoka nayo? Hata ukuta wa jiko ulilowa.

Nimemweleza mama. Hakubisha, hakukubali. Kasema tangu aanze kupika pombe hajaona mvuke ukinywa ndoo nzima. Halafu, taratibu kabisa, kasema Jumamosi mtu mwingine atagawa pombe. Mke wa Andrea nikae mkekani na wageni, wengine wagawe! Na mama yangu mzazi anakuja kutoka Kilambo. Ataniuliza kulikoni. Nimwambie wakwe wameniona mwizi?

Sikubali. Nikasema, kesho sufuria lilelile, maji matupu, ndoo tatu, moto uleule, kila mtu akae atazame. Mama kaitika. Wifi ghafla hataki. Kanivuta pembeni, anatafuna maneno. Sufuria alishalirudisha kwa mwenyewe. Nani? Sabra.

Sabra! Jirani yangu! Lile ni sufuria lake la pilau ya maulidi! Na wifi kaliazima kwa jina langu — eti mke wa Andrea anataka kupikia wali wa shughuli. Mwanamke huyu hana haya hata kidogo. Najiambia ulikuwa uji tu, kimea tulitia kwenye madumu. Najidanganya. Sabra akijua atalitupa lile sufuria, na mimi pamoja nalo.

Nifanye nini? Nikikaa kimya, mwizi. Nikilifuata, naongeza uongo.

Jumatano, 11 Desemba 2024

Nimelifuata. Kabla sijafungua mdomo Sabra kaniuliza kama wali uliwatosha. Nikasema nalitaka tena. Akalitoa, kalisugua linang'aa. Roho iliniuma.

Maji yanachemka. Mama yuko kwenye kigoda, wifi kanuna mlangoni. Naandika hapahapa motoni, maana nikigeuka tu watasema nimechota. Yanashuka! Mama kasogea kuchungulia. Kaguna.

Tumepima. Ndoo mbili na kikombe! Mama kanishika mkono mbele ya wifi, kasema pombe nitagawa mimi, na anayesema vingine amfuate yeye. Nikataka kulia.

Hapo hapo hodi. Sabra. Kaleta iliki, eti alisahau kunipa, nitie kwenye wali. Anaangalia sufuria lake, na maji matupu yanafuka kwenye ndoo. Anauliza tunapika nini. Wifi kainamisha kichwa, anachezea kuni! Ulimi wote ule, leo kazi yake kuni!

Na mama, ambaye hajui sufuria ni la nani, kainuka kwa furaha, kamvuta Sabra mpaka motoni.

"Karibu mwanangu, uwe shahidi. Tumemwonea mkamwana wangu bure. Njoo uone sufuria hili lilivyotumalizia pombe."

Iliki bado iko mkononi mwa Sabra. Ananitazama mimi.