Zamu Yangu na Shingo ya Djamali

Kasongo, tarehe 6 mwezi wa sita 2023

Jeanine,

Salamu. Nauliza afya yako ju ni desturi, si ju iko na kazi kwangu. Mimi ni muzima, ila magoti tu yananiuma, na mbuzi ya jirani imekula muhogo wangu, lakini hiyo si maneno yako. Maneno yako ni Djamali. Mwezi wake kwako umeisha, zamu iko yangu, na bwana hafiki. Kila motari anayetoka huko na pikipiki yake ananiambia shingo, shingo. Miaka yote alishonea nguo hapa barazani kwangu, hiyo shingo ilikuwa wapi? Nasikia unamulalisha na kumupaka mafuta ya moto kama samaki wa Nyangwe. Mutume.

Muke mwenzako mukubwa,
Hawa


Kabambare, tarehe 15 mwezi wa sita 2023

Yaya Hawa, mukubwa wangu,

Salamu, na pole ya magoti. Djamali anainamia mashini tangu asubuhi mupaka jua linaanguka. Shingo imekauka, mugongo pia. Mimi nilitumika kazi Uvira kwa mama mumoja Muhindi. Dawa yao inaitwa ayurveda. Nachukua mafuta ya ufuta, napasha kidogo, napaka pole pole, kisha kitambaa cha moto, kisha anapumzika. Meza ya mashini nimeiinua. Ameanza kulegea. Pikipiki na ile barabara vitaharibu yote. Kama kungoja kunakushinda, kuja mwenyewe umuone.

Mudogo wako,
Jeanine


Kasongo, tarehe 19 mwezi wa sita 2023

Jeanine,

Salamu. Nije mwenyewe, kama mugeni kwa bwana wangu? Barua yako ilisomwa hapa mbele ya watu, wakacheka eti kungoja kunanishinda, na mimi nimekaa pale pale. Djamali alinioa wewe ungali unanyonya. Dawa ikuwe ya Wahindi ao ya malaika, zamu ni zamu. Nimetuma motari, asirudi bila yeye. Ukikatala, nitakwenda kwa wazee wa musikiti, utawaelezea wao hiyo Uhindi yako.

Hawa


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Jeanine,

Salamu. Uko muzima?

Djamali alifika. Motari alimushusha kama gunia. Nilipika kuku, nikavaa kikwembe kipya, hakuona kitu: kichwa kimeinama kifuani, hakiinuki. Tangu afike anaangalia miguu yangu tu. Nilimupaka mawese, nikasukuma kwa nguvu, vile mama yangu alikuwa anasukumaga migongo ya watu waliotoka kubeba mizigo. Akalia jina lako. Lako, ndani ya nyumba yangu. Nikatoka, nikafagia kiwanja chote, na cha jirani, yule wa mbuzi.

Sasa unijibu: yale mafuta yanakuwa ya moto namna gani? Mukono unaanzia juu ao chini? Hapana, usiandike. Barua itachelewa, na mutu analia. Usifikiri ninakuomba, ile kazi uliianza wewe, kuja uimalize. Motari aliyekuletea hii barua yuko anakungoja mulangoni. Panda.

Yaya wako,
Hawa