Mwenyeji wa Acocks Green

Mama mpendwa,

Usinikasirikie kwa kunyamaza tangu nijifungue. Mtoto akilala, nami naanguka papo hapo. Tuko salama, namshukuru Mungu.

Jana nilimpeleka Neema maktaba kwa sababu kule kuna joto. Nikakuta wazee wanasimuliana historia ya mtaa wetu huu wa Acocks Green: zamani kilikuwa kijiji cha mashamba, reli ikaja, watu wakafuata, mwishowe Birmingham ikakimeza. Kila mmoja akasema alikotoka. Huyu Ayalandi, yule Jamaika, wengine Pakistani. Bibi Joan, anayewaongoza, alitoka Welisi akiwa msichana. Akanigeukia. "Na nyinyi wawili?"

"Mimi Kenya. Huyu alizaliwa hapa nyuma ya stesheni, kwenye kochi letu, kabla ambulensi haijafika."

Mzee mmoja akacheka hadi akakohoa. "Kumbe mwenyeji humu ni mmoja tu, na hata meno hana!"

Wakampokezana mikononi, wakimwamkia kama chifu. Mama, nililia kwa furaha.

Kwa hivyo lile ombi lako, kwamba nimlete huko umlee, nimelifikiria na jibu ni hapana. Najua unanionea huruma kwa huu uchovu, na nakupenda kwa hilo. Lakini atakaa nami, hapa kwao.

Wewe nitumie tu unga wa wimbi wa uji wake, leso mbili za kumbebea mgongoni, na sauti yako kwa simu ukimwimbia alale, kwa Kiswahili, polepole.

Mwende wako