Divai ya Lilongwe

Yaya Riziki,

Hapa kambini Dzaleka tuko wazima, lakini mavumbi yanatumaliza. Jana nilipeleka rido za madirisha nilizomushonea mama mumoja wa Lilongwe. Akanikalisha mezani na bageni bake: nyama ya mbuzi ya kuchoma na divai nyekundu, nzito. Nikashika glasi, nikangoja bote bapewe tunywe pamoja, kama kwetu kanisani kwenye Meza ya Bwana. Kumbe bamekwisha kunywa. Mumoja akauliza kama naogopa pombe, bakacheka. Nikakunywa peke yangu: chungu kama dawa ya kinini. Nikatafuna nyama yenye mafuta, ulimi ukatulia. Lakini roho ilikataa kutulia.

Yaya, siku ya Meza ya Bwana, shika kikombe chako, ungoje kidogo. Mi bado sijapewa.

Mudogo wako,
Elia